Pingamizi la Oili

Wivu hauna digrii, jamani. Oili Rantasalo alikuwa nazo mbili, ya tatu ikimkwepa miaka nenda miaka rudi, na siku ile katika ukumbi wa chuo kikuu mjini Turku roho ilimuuma mpaka akasahau kuvua koti.

Aliyesimama mbele kutetea tasnifu ya udaktari ni Saimi, mdogo wake kazini, aliyewahi kukaa naye ofisi moja. Na tasnifu yenyewe sasa! Kumbe riwaya zote za kigeni zilizotoka kwa jina la mchapishaji mmoja wa zamani kama mfasiri, zilifasiriwa na mkewe. Ushahidi ni miswada, mwandiko mtupu wa mke. Oili ndiye aliyeigundua kwanza. Lakini mjukuu wa yule mke, naye sasa bibi kizee, alimkatalia katakata: "Mambo ya nyumbani kwetu hayachapishwi." Naye Oili, mtafiti wa maadili ya uchapishaji, akatii, akafunga mdomo. Leo yeye kachumia juani, mwingine anakula kivulini!

"Mwizi," alijisemea. "Tena kajitia gauni jeusi, utadhani mtu wa maana."

Mwishoni Saimi akawageukia wasikilizaji, kama ilivyo desturi: mwenye pingamizi asimame. Huwa hasimami mtu. Kila mmoja anawazia kahawa na mikate ya mdalasini. Oili akasimama.

"Familia ilikataa miswada isiguswe. Wewe nani kakupa ruhusa?"

Watu wakageuza shingo. Saimi hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma Oili zaidi.

"Bibi alifariki, dada Oili. Binti yake akapiga simu ofisini, anakuulizia wewe. Akasema, 'Tunamtaka yule aliyekatazwa akakatazika. Miswada tunampa yeye.' Nikakupigia. Nikakuandikia ujumbe juu ya ujumbe. Hukujibu hata mmoja. Walikungoja mwaka mzima, ndipo wakanipa mimi."

Oili aliukumbuka mwaka huo. Saimi alikuwa amepata ufadhili waliougombea wote wawili, naye Oili akahama ofisi kwa hasira. Kila jina lake lilipotokea kwenye simu, Oili alisonya na kuifudikiza mezani. Anataka kunitambia huyu, alidhani.

"Umeridhika na jibu?" profesa msimamizi aliuliza.

"Nimeridhika," alisema Oili, akaketi.

Uongo mtupu. Wivu ulikuwa palepale rohoni, ila sasa hakubaki mtu wa kumlaumu.