Zege Kabla ya Pilau

Asubuhi ile niliondoka Manzese na begi moja, sufuria moja, na bila mpango. Godoro nilimwachia jirani aliyekuwa akilitamani tangu nihamie. Mwenye nyumba aliniuliza nahamia wapi, nikamjibu sijui. Akanitazama vizuri, kisha akaingia chumbani kwangu kuhakikisha kwamba balbu imebaki.

Kilichonihamisha ni chipsi. Dirisha langu lilitazamana na kibanda cha chipsi, na yule bwana alikuwa akiwasha jiko saa nne asubuhi na kulizima watu wakishalala. Moshi wa mafuta uliingia kwangu kama mpangaji mwenzangu. Shati lilinuka kidari cha kuku, mto ulinuka kidari. Miaka yote miwili sikulalamika, maana mimi ndiye niliyekuwa mteja wake mkubwa.

Halafu nikaenda zahanati kwa sababu ya kichwa kilichokataa kuacha kuuma. Nesi alinifunga ule mpira mkononi, akaujaza upepo, akatazama, akaujaza tena. Akauliza kama navuta sigara. Sivuti. Kama nakunywa. Sinywi. Kama nina mke. Sina.

"Sasa wewe presha umeitoa wapi?"

Nikamwambia dirisha langu linatazama wapi. Hakucheka. Alisema nikiendelea hivyo kiharusi kitanikuta bado kijana. Baba yangu kilimkuta akiwa amenizidi miaka miwili tu, kwa hiyo na mimi sikucheka.

Niliacha shule kidato cha pili, lakini nikiambiwa jambo hulichunguza mpaka mwisho. Wiki saba nilikula mchicha wa kuchemsha, maharage bila mafuta, dona, viazi vitamu na matango. Nilitembea kila siku. Kichwa kikaacha kuuma, mkanda ukahitaji tundu jipya, na nikawa mtu wa kuchosha sana, kwa sababu kila niliyekutana naye nilimweleza habari za matango. Tatizo lilikuwa lile dirisha. Njaa unaweza kuibishia. Harufu ya kitunguu kinachoiva kwenye yai huibishii. Jioni moja nilishtuka nimesimama kwenye foleni ya kile kibanda, sahani mkononi, na sikumbuki niliondokaje chumbani. Siku iliyofuata ndiyo nikahama.

Nilitaka kitu kimoja tu: chumba ambacho hakuna mtu anayekaanga chochote karibu na dirisha, na nilitaka nikipate kabla ya magharibi, kwa sababu godoro nilishaligawa.

Nilipanda mwendokasi mpaka Gerezani, nikashuka, nikaifuata Barabara ya Kilwa kwa miguu, kwa sababu nesi alisema nitembee na kwa sababu sijawahi kuiona barabara nisitake kujua inaishia wapi. Nilisimama kutazama watu wakifumua injini ya lori. Nilisimama kumuuliza mama mmoja kwa nini anauza ukwaju na misumari kwenye meza moja. Akasema, "Vyote haviozi." Kufika Mtoni ilikuwa saa tano, na hapo nikamkuta dalali amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya ubao ulioandikwa kwa chaki: VYUMBA VIPO.

"Braza, unatafuta chumba au mke? Vyote ninavyo."

"Chumba kisichokuwa na kibanda cha chipsi karibu."

Alinitazama toka sufuria mpaka viatu. "Wenzako wanaulizia maji na umeme. Wewe unaulizia chipsi."

"Nina presha."

"Ya nyumbani au ya hospitali?"

"Ya hospitali."

"Hiyo ndogo," akasema, akasimama.

Alikuwa na chumba kimoja tu kinachonifaa, kwenye nyumba ya bi mkubwa mmoja wa ukoo wa Kiarabu, watu waliouza viungo na mchele pale Mtoni tangu babu zao. Duka lilikuwa mbele, uani vyumba vya kupanga. Kibanda cha chipsi kilikuwa mbali, kwenye kona ya barabara.

"Ila yule mama ana mtihani," akasema dalali.

"Mie mitihani niliikimbia shuleni."

"Huu wa kula. Haulizi kazi, haulizi mke. Anaweka sinia la pilau, mnakula wote, anakuangalia. Ukichimba upande wa mwenzako, umefeli. Ukianza na nyama, umefeli. Ukikataa kula, hata chumvi usirudi kununua. Wiki hii wamefeli watatu."

"Anapakua saa ngapi?"

"Akishaswali adhuhuri."

Nikasema basi tungoje, pilau kidogo kwa ajili ya chumba nesi atanisamehe. Dalali akatikisa kichwa kwa huruma. "Tungoje na njaa? Mtu wa adabu haendi kwenye chakula cha watu na njaa, kaka. Ataonekana mlafi. Tunaweka kitu kwanza."

Ukitaka kujua kwa nini nilikubali, ni kwa sababu ni kweli. Mama yangu mwenyewe alikuwa akitulisha muhogo kabla ya kutupeleka kwenye shughuli ya watu, tusije tukamwaibisha. Kwa hiyo watu wawili wazima, kwa adabu kabisa, tukaenda kula ili tusile. Na kitu alichokiweka dalali kwanza kilikuwa kwenye kile kibanda cha kona.

Nitasema ukweli: nilijua. Kati ya kazi zangu nyingi nilishawahi kukaanga chipsi. Mafuta ya kibanda hayabadilishwi, yanaongezwa. Leo unamimina kidogo juu ya ya jana, ambayo yalimiminwa juu ya ya juzi, na ukichunguza nasaba yao unaweza kumfikia mwasisi wa kibanda. Niliyatazama yale. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na povu lake lilikataa kutulia, na povu likikataa kutulia mkaangaji anajua siku za mafuta zimepita. Nikajiambia nitakula kidogo.

Wakaleta zege. Chipsi zimefungwa ndani ya mayai zikashikamana, ndiyo maana watu wakazipa jina la kile kinachojenga madaraja. Juu kachumbari, pembeni mishikaki miwili. Nililila lote. Nililila kama mtu aliyerudi kutoka ughaibuni. Wiki saba za mchicha zilikaa kiti cha pili zikinitazama, na mimi nikazipa mgongo. Lilikuwa tamu, na atakayekuambia vinginevyo anataka uache kula tu.

Tumbo lilianza kuhoji tukiwa njiani. Zamani lingelipokea zege kama ndugu. Sasa lilikuwa limezoea matango, na limeletewa madaraja. Kwanza likaja jasho la shingoni, kisha maji ya uchungu chini ya ulimi, kisha mbweu yenye ladha ya samaki, ingawa samaki sikuwa nimekula. Hapo nikajua ndani ya mafuta yale kulishapita nini.

Bi mkubwa alikuwa mlangoni, ushungi mweupe, miwani imening'inia kwa uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndo huyu?"

"Ndo yeye," akasema dalali.

"Mbona anatoka jasho?"

"Ametembea toka mjini, bi mkubwa."

"Kwa miguu? Ana wazimu?"

"Ana presha."

"Basi akae."

Tulikaa mkekani barazani. Akatunawisha kwa birika, akaondoa kawa juu ya sinia, na mvuke wa pilau ukapanda. Nimesikia watu wakilia kwa ajili ya pilau kama ile. Mdalasini, iliki, samli iliyong'aa juu ya kila punje. Mimi niliitazama ile samli, nayo ikaniangalia.

"Bismillahi," akasema bi mkubwa, akavaa miwani.

"Kula," dalali akaninong'oneza bila kufungua midomo.

Tonge la kwanza nilichota mbele yangu, dogo, bila nyama. Likapita. La pili lilisita kooni likapita kwa kusukumwa na heshima. La tatu nilitafuna punje ya iliki, ikapasuka, na tumbo likasema imetosha. Niliweka mkono chini.

"Mama, naomba radhi. Choo kiko wapi?"

"Uani, kushoto. Kandambili ziko mlangoni."

Sitaeleza yote. Kilikuwa choo cha kuchuchumaa, na nilifika nimechelewa kidogo, kwa hiyo nusu ya zege iliingia shimoni na nusu ikabaki duniani. Kisha mwili ukaamua kwamba mlango wa juu hautoshi. Nilipomaliza nilichuchumaa nimeegemea ukuta, macho yana machozi, nikawaza. Chumba kimekwenda. Nimeinuka kwenye sinia la mtu kwa tonge la tatu. Ukuta wa uani ulikuwa mfupi, ningeweza kuuruka nikawa barabarani, ila sufuria langu lilikuwa barazani.

Na choo kilikuwa vile. Hilo ndilo lililonizuia zaidi ya sufuria. Nimepanga nyumba nyingi, na ugomvi wa choo nimeuona ukiwatoa watu meno. Sikuweza kumwachia mwenzangu. Nikachota maji kwenye pipa, nikamwaga. Nikaona sabuni ya unga kwenye kopo juu ya ukuta, nikamwaga na hiyo. Nikashika fagio la chelewa nikasugua sakafu, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, na kwa kuwa sikuwa na hamu ya kurudi barazani, nikasugua na kuta mpaka usawa wa kiuno. Nikaijaza ndoo, nikapanga kandambili mlangoni.

Niliporudi, sinia lilikuwa limefunikwa. Mbele ya dalali kulikuwa na mfupa mweupe kama meno. Bi mkubwa alipishana nami akielekea uani.

"Umeniua, braza," dalali akasema. "Umeikimbia pilau yake."

Bi mkubwa alikaa huko uani muda mrefu. Aliporudi kandambili zake zilikuwa zimelowa.

"Kabla ya kuja hapa ulikula nini?"

Nilimtazama dalali. Dalali alikuwa akitazama dari. "Zege, mama."

"La kona?"

"La kona."

"Unajua unakuja kula kwangu, unakula la kona?"

"Niliambiwa nisije na njaa, nitaonekana mlafi."

Akamgeukia dalali. "Na wewe ulikula?"

"Kidogo, bi mkubwa."

"Na hapa umekula?"

"Nimekula, alhamdulillahi."

"Basi mlafi tumempata." Akakaa, akakunja miguu, akanitazama juu ya miwani. "Ukuta umeuosha wewe?"

"Mpaka kiunoni, mama. Ningefika juu ila sabuni iliisha."

"Nimeona imeisha. Nina wapangaji wanne mule ndani. Wote walikula sinia hili kwa adabu, utadhani mabwana harusi. Zamu ya choo ikifika, huyu mgongo, yule kafiwa. Yule mmoja kashafiwa na shangazi mara tatu. Nawalisha nyama miaka yote hii, sijampata mtu wa kushika fagio."

Dalali akaona mlango umefunguka, akaingia. "Si nilikwambia, bi mkubwa? Nimekuletea mtu msafi."

"Umeniletea mgonjwa. Usafi kaja nao mwenyewe." Akanigeukia. "Sabuni utanunua nyingine."

"Nitanunua."

"Dukani kwangu."

Nikaona na mimi niulize langu, maana ndilo lililonitoa Manzese. "Mama, humu ndani kuna mtu anayekaanga?"

"Mie. Ramadhani nzima, sambusa na bajia kila siku, na simwombi mtu ruhusa. Utafunga dirisha. Miezi mingine, ukiacha pilau ya wageni, tunachemsha, nina presha na mie." Akaamka kwa kujishika goti. "Na pilau yangu hujaimaliza. Ukipona utaimaliza."

Alinichemshia binzari nyembamba, akaikamulia ndimu, akasimama hapo hapo mpaka nikainywa yote ikiwa bado ya moto. Kisha akanipa ufunguo na mkeka wa kuazima, akasema godoro ni shauri langu. Jua bado lilikuwa juu.

Chumba kilikuwa kitupu, sakafu ya saruji, msumari mmoja ukutani. Nilitundika sufuria kwenye msumari, nikatandika mkeka, nikalala chali nikisikiliza tumbo likijipanga upya. Ndipo nikakumbuka kwamba kitu chenyewe nilichokuja kukiangalia sijakiangalia. Nikajivuta, nikalisukuma dirisha.

Lilikuwa linatazama choo, hatua nne tu. Nikavuta pumzi kwa tahadhari. Kulinuka sabuni ya unga.