Tangi la Martine na Beseni za Banungwe

Martine Kabwe Mwansa ni wa ukoo wa Udongo, na ukoo kwetu unapitia kwa mama. Amezaliwa na Germaine, mdogo wangu, aliyeuza samaki wa ziwa Mwero sokoni Likasi mpaka watoto wote wakamaliza shule. Germaine na mimi tulizaliwa na Berthe, aliyefyatua matofali ya nyumba yake mwenyewe, mimba ikiwa tumboni, mume akiwa migodini Kambove. Berthe alizaliwa na Mwansa wa mitungi. Chungu cha Mwansa kikipasuka, watu waliuliza kwanza nani amekigonga, maana chenyewe hakiwezi. Ninayaandika haya ili mtu asije akasema akili ya Martine imetoka kwa wazungu.

Alisoma shule ya Mulungwishi, akaingia politekniki hapa mjini Likasi, na sasa ni mtafiti huko. Kazi yake ni kubuni vyombo vya viwandani: matangi, mabomba, mashine za kuchanganya na kuchuja. Lakini haanzi na nyundo. Kwanza anakijenga chombo ndani ya kompyuta, kwa hesabu. Anamwaga humo maji ya hesabu, anatazama matope ya hesabu yakishuka. Nilimuuliza kwa nini asijenge tu.

"Mama mukubwa," akanijibu, "chuma ukikata mubaya, hairudi. Hesabu inafutika."

Karibu na Kamatanda kuna mto mdogo ambapo wanawake wanaosha mawe ya shaba. Maji yalikuwa yanarudi mtoni mekundu, na wenye bustani huko chini wakachoka. Wakubwa wa mtaa wakasema: kabla mvua hazijaanza, maji yarudi safi, la sivyo kuosha kuishe. Na nyumba nyingi zinakula kwa mawe yale. Ndipo Martine akabuni tangi la kutuliza maji: yaingie machafu upande huu, yatembee polepole, matope yalale chini, maji safi yatokee upande ule.

Gracien, mchomea vyuma, alilitengeneza uani pa politekniki. Siku ya kulijaribu, wanafunzi walilimwagia maji ya matope yaliyoletwa kutoka Kamatanda, na upande wa pili yakatoka meupe. Profesa Théophile akapiga makofi. Mimi nilishapiga vigelegele. Martine amenuna.

"Uliona namna walimwaga?" akaniambia. "Kama muntu anaogesha mutoto. Wananiheshimu. Tangi haina haja ya heshima."

Basi akaenda kuwaita banungwe wetu. Kwa asiyejua: ukoo wa Udongo na ukoo wa Mvua ni watani tangu mababu. Mvua inalowesha udongo, kwa hiyo wanajiona wakubwa wetu. Munungwe anaweza kukutukana mbele ya mkwe wako na kubeba kuku wako, nawe hukasiriki. Ukikasirika, aibu ni yako. Kati ya waosha mawe wa Kamatanda watu wa Mvua ni wengi, na Reine ndiye mdomo wao.

Walikuja na beseni zao kichwani. Reine akalizunguka tangi.

"Hii ndiyo sanduku ya kuzikia Udongo?"

"Ni ya kukuogesha weye, unanuka," Martine akajibu.

"Udongo inajua kuoga? Miye ndiye ninakuogeshaka."

Wakaimba, na wimbo ulipofika mwisho wakamwaga beseni zote kwa pamoja, kama wanavyofanya mtoni. Matope yaliyokuwa yamelala yakaamka. Maji mekundu yakaruka ukingo, yakatua kwenye viatu vya profesa.

"Pole, Profesa," Reine akasema. "Umekwisha kubatizwa."

Watu walicheka, na Martine alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta macho, akatoa simu, akawaomba wamwage tena apate kupiga picha za video. Kosa alikuwa ameliona. Ndani ya kompyuta aliyaingiza maji kwa mwendo mmoja, kama ya bomba. Mtoni hakuna bomba. Kuna wanawake na wimbo.

Akauingiza wimbo katika hesabu: kimya, beseni zote, kimya. Akaongeza chumba kidogo mbele, chenye bamba la matundu, maji yagonge hapo na kuacha hasira yake. Matundu madogo yakazibwa na matope. Makubwa yakapitisha hasira yote. Alitafuta ya katikati huku mawingu yanajikusanya upande wa Kambove. Gracien alikata, akachomea, akanung'unika: "Mama injinia, tangi yako iko na viraka kushinda suruali yangu."

Mara ya pili tulikuwa mtoni penyewe, wakubwa wa mtaa wapo, wenye bustani wapo. Reine na wenzake wakachagua wimbo wa mbio, wakamwaga kwa ubaya wote wa utani. Maji yakanguruma nyuma ya bamba. Upande wa pili yakatoka taratibu, safi hata nikaona mshono wa Gracien ndani yake, chini kabisa ya mfereji wa kutokea. Mzee mmoja wa bustani akayateka kwa viganja, akanawa uso. Mkubwa wa mtaa akawaambia wanawake, "Muoshe mawe yenu."

Reine akauchungulia mfereji. "Leo Udongo imeshinda. Lakini kuku yako nitabeba."

"Beba," Martine akasema, "na hii pia." Akampa ufunguo wa vali ya chini, ya kutolea matope. "Utafungua kila jioni. Wanawake wakiongezeka, mumwage kushinda leo. Na siku maji inatoka nyekundu, usinifiche: kuja politekniki, unitukane mbele ya profesa."