Baba Ananiita Mangi

Shule sikusoma sana, nalisema mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine. La saba nililimaliza kwa fimbo za baba. Lakini habari za vyeo niulize mimi, maana nimeitwa vyote isipokuwa mchungaji. Kahama, nilikouza ndoo na masufuria, wazee waliniambia mkubwa wao wa zamani ni mtemi kwa sababu ndiye aliyetangulia kutema msitu, watu wakapata pa kukaa. Mwingine akabisha: hapana, ni kwa kutema kesi, akikata imekatwa. Iringa wanasema mtwa. Hapa Himo madereva wanaotoka Kenya huniita chifu, na kwao chifu ni mtu wa serikali, ana ofisi na mhuri. Na Dar es Salaam Mchagga yeyote aliyesimama nyuma ya kaunta ya duka ni Mangi. Awe ameshuka jana kwenye basi na begi moja, leo anapimia watu sukari: "Mangi, nipe robo."

Huku mlimani Mangi alikuwa mtawala. Kila nchi ndogo ya mlima huu ilikuwa na wake. Serikali iliwafuta machifu baada ya uhuru, kabla mimi sijazaliwa, cheo kikabaki hakina mwenyewe, kikateremka na mabasi mpaka madukani kwetu. Mimi nilikiokota dukani Manzese, huko huko Dar es Salaam, na kilinikaa kama koti la kushonewa. Niliporudi nilirudi nacho. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi Himo ambalo mafundi wa Marangu wote wanalijua, na nyumba za kupangisha kule Soweto, Moshi mjini. Hata mke wangu ananiita Mangi.

Neno lenyewe lilianzia wapi? Nimeuliza. Mwalimu mmoja mstaafu alinipa lake, mzee wa kanisa akanipa jingine, wakakutana nyumbani kwangu wakagombana. Baba nilimwuliza zamani, akili yake ikiwa timamu. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Akasema, "Ukiitwa, unakwenda. Ndiyo maana yake." Akaendelea kukata majani.

Mama alipofariki, baba nilimchukua mimi. Kwetu kitinda mimba ndiye anayerithi nyumba ya baba, na kitinda mimba ni mimi. Kwenye kihamba kile kile, shamba letu la ukoo, katikati ya migomba na kahawa, nimejenga nyumba ambayo watalii wakipita wanauliza kama ni hoteli. Usahaulifu wake ulianza kidogo kidogo. Akamtafuta ng'ombe tuliyekwisha kumuuza. Akamwita mke wangu kwa jina la mama. Tukacheka, naye akacheka.

Halafu asubuhi moja fundi akaita getini, "Mangi! Mangi, upo?"

Nikatoka barazani na sauti yangu. "Nani huyo anayepiga kelele kwangu?"

Baba alikuwa ameketi pale anakunywa uji. Akaweka kikombe chini, akasimama, akavua kofia, akainamisha kichwa mbele yangu. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba na kutokea na jembe begani, akashika njia ya mfereji. Nilimkuta amesimama ndani ya maji, maji yetu ya barafu, na miguu yake ile yenye baridi yabisi, anazibua matope.

"Baba, unafanya nini?"

Akanijibu kwa Kichagga bila kuninyanyulia macho. "Baragumu nimelisikia, Mangi. Sikuchelewa. Usituchukulie mbuzi."

Zamani baragumu likilia, kila nyumba ilitoa mtu wa msaragambo, akazibue mfereji au akalime shamba la Mangi. Asiyekwenda, watu wa Mangi walikuja kuchukua mbuzi wake. Baba alikuwa kijana mdogo enzi hizo. Mimi niliyasikia kama hadithi tu, na sasa nilikuwa ndani ya hadithi, tena upande wa wenye baragumu.

Tangu siku ile hakuniita mwanangu tena. Daktari wa Moshi mjini alisema hakuna dawa ya kumrudisha, tumtunze, tusimbishie. Nikatoka pale nimekasirika. Mimi sijawahi kuambiwa kitu hakipatikani nikakubali. Saruji ikiadimika mkoa mzima, kwangu ipo. Nami sikutaka makubwa, nilitaka mzee aniite mwanangu mara moja tu kabla hajafa.

Nikawakusanya vijana wa duka. "Kuanzia leo ni marufuku mtu kuniita Mangi. Mmenisikia?"

"Tumesikia, Mangi."

"Nimesema nini?"

"Samahani, Mangi. Hatutarudia."

Nyumbani nikamwambia mke wangu vilevile. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Baba watoto, hata watu wote wakinyamaza, wewe mwenyewe unasema. Tumbo hilo, fimbo hiyo, na unavyoingia mlangoni kama umekuja kukagua. Mzee anakuona."

Basi nikaiacha fimbo. Nikavaa shati kuukuu la shambani, nikajifunza kuongea taratibu, kitu ambacho sikukifanya hata siku nilipokwenda kuposa. Nikamlisha mtori kwa mkono wangu. Alikula huku anatetemeka, kijiko kikimgonga meno. Kisha akamnong'oneza mke wangu, "Mwambie Mangi nimeshiba." Njaa ilikuwa inaonekana usoni mwake.

Krismasi ikafika, ukoo ukapanda mlimani kama kawaida. Dada yangu mkubwa alitoka Arusha na watoto wake. Mbuzi akachinjwa. Kwetu nyama haigawiwi ovyo ovyo: kila mtu ana sehemu yake kwa nafasi yake, na baba ndiye anayempa kila mmoja mkononi, kitinda mimba akiwa wa mwisho. Nikasema kazi hiyo apewe mjomba, baba hataweza.

"Mpe baba kisu," dada akasema. "Mikono haisahau."

Kweli haikusahau. Alikata kwenye viungo bila kuvunja mfupa. Dada akapewa sehemu yake, mjomba akapewa yake, wajukuu wakapewa zao, wala hakukosea hata mmoja. Dada akanibana mkono. "Umeona? Anatujua!" Nami nikasogea, nikakaa chini kwenye majani ya migomba, mahali pangu pa utotoni, nikangoja.

Baba akaweka kidari kizima juu ya jani safi. Akakibeba kwa mikono miwili mpaka nilipo, akapiga magoti.

"Mangi, hili ni fungu lako."

"Baba!" dada akapaza sauti. "Huyo ni mwanao, kitinda mimba wako!"

"Nyamaza, utatuponza." Akanigeukia. "Mangi, nina ombi. Nina mtoto wa mwisho pale nyumbani. Ana kifua kibaya, usiku analia kama paka. Watu wako wakipita wasimchukue. Zamu yake nitalima mimi."

Pumu nilikuwa nayo mimi. Hakuna mwingine nyumbani aliyekuwa na kifua hicho. Baba ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni, kwa miguu, mvua za masika zikimnyeshea.

Nikamshika mikono. "Baba, ndiye mimi. Kifua kilipona. Nitazame."

Akanitazama, machoni kabisa, nami nikashusha pumzi. Kisha macho yakajaa maji. "Usinidhihaki, Mangi. Mwanangu ni mdogo hivi." Akanyoosha kiganja, akakisimamisha usawa wa kifua chake.

Dada alikuwa anafuta uso kwa kanga. Hakuna aliyenisaidia, na ningesaidiwa nini? Nikasimama. Nikaichukua sauti ile ninayowatolea madereva wa malori, nikasema kwa Kichagga, "Nimesikia. Mtoto abaki nyumbani. Hakuna atakayemgusa."

Baba alinishukuru. Nilimjengea nyumba, nikamzika mkewe kwa heshima, na hajawahi kunishukuru vile. Akanyanyuka, akasema anakwenda kumwambia mtoto asijifiche tena. Akaingia migombani bila kofia, akaita jina langu la utotoni kwa kubembeleza. "Toka, baba, toka. Wamekuacha."

Nikamfuata. "Naam, baba. Nipo hapa."

Aliposikia sauti yangu nyuma yake, akaanza kukimbia.