Dume la pembe nzuri tumeliacha Lubarika

Leo mukwe wangu amenifunga mdomo mbele ya watu, na minye nimefurahi!

Tulienda Lubarika kutafuta dume la kupanda ng'ombe zetu. Ndama zetu zinakua miguu tu, nyama hakuna, wachinjaji wa Kalundu wanazitazama na kupita.

Nikaona dume moja, pembe zake jamani! Nikapiga kigelegele. "Ni hili!"

Furaha, mke wa mwanangu, hata pembe hakuzitazama. Akamuuliza mwenye ng'ombe, "Baba, watoto wake wako wapi?"

Tukaonyeshwa ndama zake. Mapaja makavu kama ya korongo!

Kando kulikuwa na dume lingine, fupi, sura mbaya, pembe hakuna. Lakini ndama zake! Mgongo mpana, nyuma zimejaa nyama.

"Tunachukua hili," Furaha akasema.

"Weye! Majirani watatucheka!"

"Mama, nani anakula pembe? Na siku ulipokuja kwetu kumuombea mwanao mke, hukuniangalia minye. Ulipita moja kwa moja jikoni, kumwangalia mama yangu."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Ni kweli, nilimwangalia mama yake. Na sikukosea.

Dume baya iko hapa nyumbani, inakula. Mwenye kutaka kucheka aje acheke. Ila mwenye iko na mukwe kumupita huyu wangu, aseme hapa chini, tuone!