Siku Kaka Hosea Alipokuja Kusikiliza Gitaa Lake

Mume wangu Leonidas hajawahi kusikiliza wimbo mpaka mwisho. Nasema ukweli na Mungu ananisikia. Ana amplifaya ya zamani aliyopewa misheni walipokuwa wanasafisha stoo, ile ya valvu, yaani vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama vibatari. Tena ana wenzake wawili wenye ugonjwa huohuo. Wamejiundia chama kabisa, chenye mwenyekiti na kanuni. Mwenyekiti ni yeye, na makao makuu ni sebule yangu hapa Iguguno.

Jumamosi wakikutana, mimi sina nyumba. Makochi yanatolewa nje, kuku wanayapanda. Madirisha yanafungwa kwa sababu upepo unaharibu sauti, na upepo wa huku kwetu unajulikana. Friji yangu ya kuuzia barafu na soda inachomolewa, ati inatia mngurumo kwenye spika. Nikikaanga kitunguu, kichwa kinachungulia jikoni: "Mama Lucy, samahani, mafuta yanapiga kelele." Mafuta yangu! Kwenye jiko langu!

Na usidhani baada ya hapo wanasikiliza muziki. Kanuni ya chama inasema anayesikia kasoro anainua mkono, sindano inanyanyuliwa kwenye santuri, kasoro inajadiliwa, kisha wimbo unaanza upya. Sasa hebu niambie, wanaume watatu waliokaa kutafuta kasoro, wimbo utafika wapi? Ubeti wa kwanza tu, mkono juu. "Sauti haina joto," anasema mmoja. Joto! Wamejifungia humo ndani, jasho linawatiririka mpaka kwenye mikanda, bado wanatafuta joto.

Yote hayo nilikuwa nimeshayazoea. Lakini siku ya kaka yangu Hosea walinipandisha mori.

Kaka Hosea anaishi Sepuka, analima alizeti na uwele. Ukimwona na jembe lake huwezi kudhani, lakini ujanani alikuwa mpiga gitaa. Alianza na gitaa la galoni na waya za breki za baiskeli, akitusumbua nyumba nzima, mwishowe akaenda Dar es Salaam, akachukuliwa kwenye bendi ya kiwanda kimoja cha nguo. Huko wakarekodi santuri. Hata haijatoka, baba akafariki. Hosea akarudi kuzika, akamkuta mama na sisi wadogo na ng'ombe, hakuondoka tena.

Santuri ilipotoka, redio walikuwa wanapiga wimbo wa upande wa kwanza tu. Wimbo wenye gitaa la Hosea ulikuwa upande wa pili. Hakuwahi kuusikia. Hakuwahi hata kuishika hiyo santuri mkononi. Ila alitusimulia: mwishoni vyombo vyote vinanyamaza, linabaki gitaa lake peke yake, na pale alimpiga mama kwa nyuzi. Namna mama alivyokuwa anatwanga uwele alfajiri, mchi unashuka, unatulia kidogo kama unavuta pumzi, unashuka tena. Mama alikufa akijua yumo kwenye santuri, na hakujisikia hata siku moja. Vijana wa Sepuka wao walimgeuza Hosea kichekesho. "Mzee Santuri, shikamoo! Lini tutaisikia?" Anaitikia marahaba, anapita zake. Mimi ndiye nilikuwa naumia.

Basi Idrissa, mwenzao na Leonidas, mwenye duka la vifaa vya umeme Singida mjini, akaikuta santuri hiyohiyo kwenye boksi la vitu vya marehemu fulani. Niliposikia nilikaa chini. Jioni nikamwambia Leonidas, "Kwenye haya mengine mmenichezea vya kutosha. Siku hiyo kaka yangu atasikia gitaa lake mpaka mwisho. Umenielewa?"

"Mama Lucy, kwani sisi watoto?" akajibu.

Hosea akaja na koti lake la kanisani, kola imefungwa mpaka juu. Wakamwamkia vizuri, wakampa kiti cha mbele. Alute, mwenzao wa tatu, mwalimu mstaafu wa Mgori, alikuwa amebeba valvu zake za akiba ndani ya soksi kama mtu aliyebeba mayai. Amplifaya ikawashwa. "Lazima zipate moto kwanza, mzee," Idrissa akamweleza. Hosea akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Nikamletea chai, akaishika tu, hakuinywa.

Sindano ikashuka. Tarumbeta zikalia, mwimbaji akaingia, Hosea akasogea mpaka ncha ya kiti. Idrissa akainua mkono.

"Kuna mngurumo."

Wakatafuta mngurumo. Friji ilikuwa imeshachomolewa tangu asubuhi, barafu zangu zimekuwa maji, wakachomoa na chaja ya simu. Mwanzo tena. Tarumbeta, mwimbaji, Alute akainua mkono. Valvu moja imechoka. Akafungua soksi, akabadilisha, ikabidi tungoje nyingine ipate moto. Mwanzo tena. Safari hii walifika ubeti wa pili, nikaanza kumshukuru Mungu kimoyomoyo, mara mkono wa Leonidas huo! Mume wangu mwenyewe! Ati spika ya kushoto imekaa karibu mno na ukuta.

Kila wakisimamisha, Hosea anarudi nyuma kwenye kiti, wakianza anasogea tena mbele. "Samahani, shemeji," Leonidas anamwambia. "Hakuna taabu, shemeji," anajibu. "Mafundi wana kazi yao." Upole wake huo ndio ulionimaliza. Mtu amengoja tangu hana mvi, bado anawaombea radhi watu wanaomchelewesha!

Waliposimamisha tena sijui kwa ajili ya nini, nilitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Inatosha! Haki ya Mungu inatosha! Kuku yuko jikoni, na atakayeinua mkono tena atakula huohuo mkono wake. Mwalimu Alute, nakuheshimu, lakini funga hizo soksi. Idrissa, kaa chini. Leonidas, weka sindano mwanzo, kisha uje ukae hapa nikuone."

 Leonidas akaweka sindano, akaja akakaa kama mwanafunzi. Mimi nikasimama pale kwenye mashine ya santuri na mwiko wangu, kando ya kaka.

Wimbo ukaenda. Ukapita ubeti wa kwanza, ukapita wa pili, ukafika mahali ambapo sebule yangu haijawahi kufika. Nikaona vidole vya Hosea vimeanza kugonga gotini taratibu. Vinashuka, vinatulia, vinashuka. Tarumbeta zikanyamaza. Ngoma zikanyamaza. Likabaki gitaa peke yake, nami nikafumba macho nimsikie mama.

Gitaa likatoka mbio. Lilikuwa safi, sikatai, jepesi, linaruka juu linashuka chini bila kupumzika popote. Nikasema labda bado, labda mama yuko mbele kidogo. Nikangoja. Nikafumbua macho nikatazama goti la kaka yangu. Vidole vilikuwa vinagonga vyake na spika inakwenda kwake, haviwiani kabisa. Halafu vidole vikasimama.

Jamani. Nikaelewa palepale. Yeye alikuja kuzika baba, na wenzake huko nyuma wakaurudia wimbo na mtu mwingine.

Nikawatazama wale wanaume. Wamefumba macho, Alute anatikisa kichwa kwa utamu. Watu wanaosikia kitunguu changu kikiungua jikoni! Wanaosikia friji na chaja ya simu! Hakuna hata mmoja aliyesikia kwamba yule si Hosea. Nilitamani mmoja wao ainue mkono, yeyote, kwa kasoro yoyote ile. Mikono yote ilikuwa imekaa mapajani kwa kuniogopa mimi. Nikanyoosha wangu kwenye sindano. Hosea akanishika kifundo cha mkono.

"Mwache amalize," akasema.

Amplifaya ikamaliza wimbo wote. Wakapiga makofi. Idrissa akaruka kumshika mkono. "Mzee wangu! Vidole hivyo! Na ulinyamaza miaka yote hii?"

Hosea akauacha mkono wake ushikwe, kisha akasema bila kupandisha sauti, "Siyo mimi huyo. Huyo ni Simoni. Nilimwachia gitaa langu siku naondoka, nikamwambia anitunzie."

 Mashine iliendelea kuzunguka na sindano inakwaruza pale katikati, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelalamikia kelele.  

Ndipo Leonidas akasimama. Nilimwona anavyohangaika, uso umemwiva, ananitazama mimi, anamtazama shemeji yake, anaitazama amplifaya, kitu pekee duniani anachojua kukitengeneza.

"Shemeji," akasema, "labda tubadilishe valvu."

Nilikaza mwiko. Nakwambia nusura nimpige nao kichwani mbele ya wageni. Valvu! Valvu imrudishe kaka yangu Dar es Salaam? Imwondoe Simoni na kumrudishia mama yangu mchi? Lakini Alute alikuwa ameshaanza kufungua soksi, na Idrissa ameshapiga magoti nyuma ya mashine. Hakuna aliyekuwa akimtazama mwenzake.

Hosea aliwatazama. Akavuta kiti chake, akasogea mpaka kwenye ncha.

"Haya, badilisheni," akasema. "Nitangoja."