Mavi ya Chuma Ng'ambo ya Handaki

Jina lenyewe halina adabu, lakini ndilo tulilokuwa nalo: mavi ya chuma. Ni yale makapi meusi yanayobaki chuma kikishayeyushwa, mazito, yenye vitundu, mengine yaking'aa kama kigae cha chupa. Kule Thika, nyuma ya kiwanda kimoja cha kuyeyusha vyuma kuukuu karibu na reli, yalitupwa mpaka yakawa kilima. Watu walipita wameziba pua. Hayakunuka chochote, ni jina tu.

Mume wangu alikuwa mhunzi, mwana wa mhunzi, na hakuweza kuona kitu kimetupwa akakipita. Springi za lori alizigeuza majembe. Makapi ya tanuru lake aliyamwaga nje ya kibanda chake, na siku moja akaona kwamba pale chokaa ilipomwagika kisha mvua ikanyesha, yameshikana yakawa mwamba. Alikuja akanivuta mkono nikiwa nasonga ugali.

"Ruka hapo," akaniambia. "Ruka, mwanamke!"

Nikaruka. Nikamwambia haya, nimeruka, sasa niache chakula kinaungua. Alicheka sana. Akasema nyumba yetu ya pili itakuwa na sakafu ya namna hiyo, tutacheza ngoma juu yake na isipate hata ufa.

Nyumba ya pili niliijenga bila yeye. Wakoloni walipotangaza Hali ya Hatari, kila mhunzi alionekana fundi wa bunduki za wapiganaji wa msituni. Askari walimchukua asubuhi, wakampandisha lori bado amejifunga ngozi yake ya kazi, na mimi nimesimama na kibuyu cha uji mkononi kama mjinga. Baadaye boma letu likachomwa, tukasukumwa kwenye kijiji kipya upande wa Ruiru kilichozungushiwa handaki na kulindwa na askari. Tuliingia watatu: mimi, binti yangu mdogo, na mama mkwe. Nilimwita maitu, yaani mama, kama alivyomwita mwanawe.

Ule udongo mweusi wa pale hauna haya. Ukipata maji unavimba, ukikauka unapasuka, na ndani ya nyumba unatoa jasho usiku na mchana. Mtoto akaanza kukohoa. Basi nikakumbuka sakafu. Kila nilipopewa ruhusa ya kwenda Thika nilirudi na mzigo wa mavi ya chuma mgongoni, kamba imenikaza paji la uso. Wanawake wenzangu walinicheka: haiya, huyu amekosa kuni anabeba mavi! Nikawajibu ningewabebea na wao wakitaka. Nyumbani niliyaponda kwa nyundo, nikayachekecha kwa mkebe uliotobolewa kwa msumari, nikachanganya na chokaa na vumbi la machimbo ya mawe, kisha nikashindilia na kufunika kwa magunia yenye maji. Sakafu ikashika, wallahi. Wale waliocheka wakaja kuomba niwafundishe.

Sakafu ilikuwa imebakia pembe moja tu, ya kitanda chetu, kilima cha kiwanda kilipokwisha. Malori yalikuja yakakichota chote kwenda kuziba mashimo ya barabara. Nilisimama pale na kikapu kitupu nikawatukana madereva mpaka askari akanifukuza.

Lakini kulikuwa na mavi ya chuma mengine. Ng'ambo ya handaki, penye boma letu la zamani, kibanda cha mume wangu kilikuwa kimeungua na rundo lake limebaki. Mvua ikinyesha jua likatoka, liling'aa, tukaliona kutoka mlangoni.

Nikamwambia maitu, nipe ruhusa nikachote. Nililazimika kumwomba, kwa sababu nyumba ya wahunzi ina miiko yake. Mhunzi akiwa hai, makapi yake hayaguswi na mtu. Akifa, mama yake ndiye huchota kikapu cha kwanza, kisha yanakuwa ya nyumba nzima.

"Unamzika mwanangu?" akaniuliza.

"Mjukuu wako anakohoa!"

"Atakuja kuyachota mwenyewe."

Tuligombana vibaya. Tulinuniana, tukawa tunapitishiana chumvi kwa mkono wa mtoto. Nilimwona mzee mkaidi, na usiniulize maneno mengine niliyomwita moyoni. Pembe ikabaki udongo mtupu, baridi, na mtoto akazoea kuiaga kabla ya kulala. "Lala salama, baba," aliuambia ule udongo. Nani alimfundisha, sijui. Si mimi.

Maitu naye alianza kusimama ukingoni mwa handaki, mkono nyuma ya sikio. Alisema anasikia mvukuto ukipuliza kule. Nikamwambia ni upepo kwenye mabati yaliyoungua. Halafu mchana mmoja, napalilia karibu na hapo chini ya ulinzi, nikasikia nyundo. Ko, ko, kisha kimya, kama anavyonyamaza mtu anayegeuza chuma. Niliwatazama wenzangu, wote wameinamia majembe. Niliogopa, na nilifurahi pia, nisikudanganye. Toka siku hiyo sikuomba tena ruhusa. Nikawa nasimama na maitu pale ukingoni, sote tunasikiliza, na chumvi tukaanza kupitishiana wenyewe.

Msimu ukapita. Wachache wa waliokamatwa walianza kurudi kutoka kambi za kizuizini, wamekonda, hawataki kuulizwa. Siku ya soko maitu alikwenda Thika kuuza viazi. Alichelewa. Nilikuwa mlangoni napepeta mahindi nilipomwona anakuja, lakini hakuja kwa njia ya Thika. Alitokea kwenye daraja la handaki, amepinda mgongo, kamba usoni. Nikadhani ni kuni.

Aliingia, akapiga magoti, akamwaga kikapu kwenye ile pembe. Vilikuwa vipande vikubwa vyenye kutu na majivu ya boma letu. Nilivijua.

"Maliza sakafu," akasema.

"Maitu, umeambiwa nini?"

"Nimekutana na aliyemzika."

Ngai wangu. Mimi niliyeyadai yale mavi ya chuma kwa kelele, mimi niliyemwita mkaidi, nilijitupa chini nikaanza kuyarudisha kikapuni. Nikamwambia ayarudishe ng'ambo, kesho, sasa hivi, huyo mtu amemfananisha, wahunzi ni wengi huko kambini. Mtoto hakohoi sana siku hizi, nikasema. Pembe iko sawa hivyo ilivyo. Nilikuwa natia kipande, maitu anakitoa, natia, anatoa, hakuna anayemtazama mwenzake. Vilinikata vidole na sikuacha.

Mwishowe alinishika mikono yote miwili, akaibana magotini mwake.

"Wacha, mwanangu," akasema. "Yamekuwa yetu sasa."