Mkopo Ambao Lorna Hakuuchukua

Juu ya meko ya Clifford Birtwistle kuna mikebe minne ya biskuti. Mmoja ni wa kodi ya nyumba, mmoja wa gesi na umeme, mmoja wa chakula, na wa nne ni wa mazishi yake mwenyewe. Clifford alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo hadi kilipofungwa, kisha akafagia barabara za halmashauri hadi alipostaafu. Miaka yote hiyo hakununua kitu asichoweza kukilipia papo hapo. Ndugu yake Stanley aliponunua televisheni ya rangi kwa malipo ya kila wiki, Clifford aliacha kwenda kwake. Hakugombana naye, aliacha tu. Stanley alipokufa, Clifford alikwenda mazishini, akasimama nyuma, akarudi nyumbani kabla watu hawajakaribishwa chai.

Mtaani kwetu tulimheshimu kwa hilo, na mimi bado namheshimu. Katika mji huu wa Lancashire wapo wengi ambao utotoni waliona kochi la mama yao likitolewa nje na watu wa kukusanya madeni, majirani wakichungulia nyuma ya mapazia. Clifford aliliona kochi la mama yake.

Binti yake Lorna alilelewa naye peke yake tangu mama yake alipofariki. Lorna ana akaunti ya benki kama watu wengine, hana mikebe, lakini fikra iliyoiweka ile mikebe pale juu ya meko aliichukua nzima. Mumewe Darren alipohamia Doncaster na mwanamke aliyekuwa akiuza nyumba ndogo za magurudumu za kukokotwa na gari, alimwachia watoto wawili, Tamsin na Joel, na mashine ya kufulia iliyokuwa bado inalipiwa. Lorna aliirudisha mashine dukani. Alifua kwa mikono mpaka alipopata nyingine kuukuu kwa fedha taslimu.

Kazi yake ilikuwa kusimamia watoto saa ya chakula cha mchana kwenye shule ya msingi. Alikuwa hodari. Mtoto aliyekataa kusoma darasani alimsomea Lorna maandishi ya kwenye pakiti ya maziwa. Mwalimu mkuu alimwambia mara mbili kwamba anapaswa kuwa mwalimu, na mara ya pili Lorna akamwamini. Akiwa na miaka thelathini na minane akapata nafasi ya kusomea ualimu kwenye chuo kikuu kilicho mji wa pili, safari ya basi moja.

Alikwenda kumwambia baba yake jikoni kwake.

"Ada nani analipa?" Clifford akauliza.

"Serikali inakilipa chuo moja kwa moja, Baba. Nikianza kupata mshahara wa ualimu ndiyo wanakata kidogo kidogo."

"Hilo ni deni."

"Ni kama kodi tu. Hiyo hela haipiti mkononi mwangu."

Clifford akakoroga chai yake kwa muda mrefu. "Na hela ya kula?"

"Upo mkopo wa kujikimu. Ule unaingia kwenye akaunti yangu. Huo sitauchukua."

"Apa."

"Baba, tangu lini watu wa kanisa letu wanaapa?"

"Basi sema."

"Sitauchukua."

"Haya. Watoto nitawachukua mimi shuleni," akasema Clifford, na jambo likaisha.

Hesabu ya Lorna haikuwa ya kipumbavu. Alikuwa akipata malipo ya serikali ya kila mwezi, yale yanayomsaidia mzazi mwenye kipato kidogo kulipa pango na kulisha watoto. Angepata pia ruzuku ndogo wanayopewa wazazi wanaosoma. Jumamosi angeuza kwenye duka la pai la Bev, rafiki yake tangu shuleni. Mtu asiyekopa, aliwaza, hana mkopo wa kuhesabiwa kwenye mapato yake, kwa hiyo malipo hayatapunguzwa. Kila aliyelelewa katika nyumba kama ile angewaza hivyo hivyo.

"Karibu mwanachuo!" Bev alimpokea Jumamosi ya kwanza. "Sasa hivi utatuuzia pai kwa Kilatini."

"Na wewe utaendelea kuwauzia chumvi tupu."

"We mwanamke, ichukue hela yao. Mwanangu Kyle aliichukua. Alinunua pikipiki."

"Ndiyo maana siichukui."

"Alianguka nayo wiki ya kwanza, lakini angalau aliipanda!"

Lorna aliwaarifu watu wa ofisi ya malipo ya serikali siku ileile alipoanza masomo. Hakuna aliyemlazimisha kuwahi. Alifanya hivyo kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Malipo ya mwezi uliofuata yalipoingia, sehemu kubwa ilikuwa haipo. Akajua ni kosa, akasubiri lirekebishwe. Ya mwezi wa pili yakaja vilevile. Ndipo alipokwenda ofisini kwao, akakutana na mshauri aitwaye Bi Nusrat Iqbal, mwanamke mpole mwenye mafua.

"Wamekukata kwa ajili ya mkopo wa kujikimu," Bi Nusrat akasema, akiangalia kompyuta.

"Sina huo mkopo. Sikuuomba."

"Najua, dada. Naona hapa umeandika mwenyewe. Lakini sheria haiangalii kama umeuchukua. Inaangalia kama ungeweza kuupata."

"Ningeweza."

"Basi unahesabiwa kuwa unao."

"Kwa hiyo mnanikata hela ambayo sina."

"Ndiyo."

"Na ile ruzuku ya wazazi?"

"Hiyo hatuigusi. Tunahesabu mkopo tu."

"Yaani nilichopewa bure hamkikati. Nilichokataa kukopa, mnakikata."

"Ukiisema hivyo..." Bi Nusrat akapenga kamasi. "Nisamehe. Wewe si wa kwanza. Huko kwetu msikitini wapo wanaokataa mikopo kwa sababu ya riba. Nao wanakatwa vilevile. Namwambia kila mmoja akate rufaa kama anataka, lakini sitamdanganya kwamba atashinda." Akashusha sauti. "Ungekuwa ndugu yangu ningekwambia uuombe leo. Muda bado upo. Kwenye kompyuta yetu umeshaupokea. Bado wewe tu."

Lorna akamshukuru. Baadaye alimwambia Bev kwamba alitarajia kukasirika, akangojea hasira ije, haikuja. Alipanda basi akashuka vituo viwili kabla ya kwake, akatembea. Hakujua kwa nini.

Sheria inayomhesabia mtu kitu ambacho mkono wake haukukipokea ni sheria mbovu. Sijali ilitungwa na wasomi gani au kwa nia gani. Ukimkata mlevi kwa sababu amekunywa, sawa. Ukimkata asiyekunywa kwa sababu baa ilikuwa wazi, umemfundisha nini? Mimi mwenyewe sipendi madeni, wala sipendi mtu kutumia hela ya umma ovyo. Ndiyo sababu jambo hili linaniuma. Lilimwadhibu mtu yuleyule ambaye nchi hii inadai kumtaka.

Lorna hakuomba mkopo siku ile, wala mwezi ule. Alizima moto wa sebuleni, wakawa wanakaa jikoni wote watatu. Jioni alikula mkate uliobaki kwenye sahani za watoto na kusema ameshiba chuoni. Chuoni hakula. Mhadhara ulimpita masikioni kama redio ya jirani. Kwa baba yake hakusema neno, na Clifford, ambaye kila siku aliwaleta Tamsin na Joel mpaka jikoni na kunywa chai yake, alidhani moto umezimwa kwa ajili ya kubana matumizi. Alilipenda hilo.

Kisha pango likachelewa. Mwenye nyumba akapiga simu, kwa adabu, na kusema akichelewa tena itabidi waongee kuhusu kuhama. Lorna alisimama na simu mkononi baada ya sauti kukatika. Alikuwa amekataa kukopa, na sasa alikuwa anadaiwa. Lilimjia wazo hilo bila uzito wowote, kama mtu anayeambiwa kwamba nje kunanyesha.

Njia zilikuwa mbili. Aache chuo arudi kusimamia watoto saa ya chakula, malipo yake yarudi, neno lake kwa baba libaki zima. Au auchukue mkopo, na ajue mlango wa nani utafungwa. Alimjua Clifford. Alikuwa mtoto mdogo Stanley alipoacha kutembelewa.

Mchana mmoja, nguo zikizunguka kwenye mashine, alifungua kompyuta ndogo mezani akauomba. Ilichukua muda mfupi kuliko nguo. Fedha zilipoingia alilipa pango, akamnunulia Joel viatu, akawasha moto sebuleni. Siku hiyohiyo alimwambia baba yake, kwa sababu alikuwa amesema na sasa hakuwa ametimiza, na hakutaka aligundue mwenyewe.

Clifford alikuwa amekaa na kikombe chake. Watoto walikuwa sebuleni.

"Baba, nimeuchukua ule mkopo."

"Ulisema."

"Nilisema. Wananikata niuchukue nisiuchukue. Nilikuwa nadaiwa pango."

"Unadaiwa?"

"Nimelipa."

"Kwa hela ya deni."

"Ndiyo."

Clifford akatazama kikombe. "Ungeniambia. Mkebe wa nne upo."

"Siwezi kusoma kwa hela ya jeneza lako, Baba."

"Hela ya jeneza langu si deni."

"Ungezikwa na nini?"

"Na mimi mwenyewe," akasema, na kwa nukta moja ilionekana kama watacheka. Hawakucheka. Akainuka, akamwaga chai iliyobaki kwenye sinki, akasuuza kikombe, akakianika. "Watoto nitawachukua kama kawaida."

Aliwachukua kama kawaida. Ila tangu siku hiyo hakuvuka geti la Lorna. Mvua inyeshe, theluji ianguke, anasimama nje ya ukuta mfupi wa mawe, anawatazama mpaka mlango ufunguliwe, ananyanyua kofia kidogo na kuondoka. Akikutana na Lorna dukani humwambia habari za hali ya hewa.

Nimesema namheshimu, na sijafuta neno. Lakini mtu akimfungia binti yake mlango kwa kosa ambalo serikali ndiyo iliyolitengeneza, amewasaidia walewale waliomkata. Nilimwambia hivyo nje ya kanisa. Akanijibu, "Wewe chunga meko yako," akaenda zake.

Sasa Lorna yuko mwaka wa tatu, anafundisha kwa mazoezi kwenye darasa la watoto wa miaka sita. Wanasema ni mzuri. Mkopo huingia, malipo hukatwa, likizo ya kiangazi yanarudi, chuo kikifunguliwa yanakatwa tena. Ameacha kuyafuatilia.

Kila Jumapili anapika kondoo na viazi vya kuoka, chakula ambacho zamani baba yake alikuwa akija kukila hapo. Anajaza sahani, anaifunika kwa nyingine, na Tamsin anaipeleka kwa babu yake. Sahani inarudi Jumatatu, imeoshwa na kufutwa.

"Anakula, au anampa mbwa wa jirani?" Bev alimuuliza.

"Sijui."

"Muulize mtoto basi, shoga."

"Nilimuuliza. Anasema babu huichukua mlangoni na kumwambia ahsante."

"Na wewe unaendelea kupeleka?"

Lorna alikuwa anapanga pai kwenye trei. "Jumapili si napika," akasema.

Jumatatu iliyopita Tamsin aliingia na sahani mbili, safi, moja juu ya nyingine. Lorna alizipokea. Hapo mwanzo alikuwa akizigeuza, akizinusa, akitafuta alama ya uma. Safari hii aliziweka rafuni pamoja na nyingine, akakaa mezani kuandaa somo la kesho. Dirishani kofia ya Clifford ilipita juu ya ukuta ikirudi nyumbani kwake.